Mnazi wa Mwanapili Ndani ya Ua wa Abdurahman

Lori la Kahindi lilikuwa limekwisha kuzunguka maduka yote ya Msambweni, limejaa magunia ya mbata na samaki wakavu, na mimi nimekaa juu ya magunia nimepakata birika, sanduku langu la bati limo miguuni. Nilikuwa naondoka. Nilikuwa nimekaa Msambweni miezi kumi na mmoja, na kwangu mimi huo ni ukaaji wa kuzeeka. Kahindi alikuwa amenipatia kazi Mackinnon Road, mahali malori yanapolala, nikawapikie chai madereva na kulinda magurudumu yasitembee bila wenyewe. Mwaka ulikuwa wa hamsini na sita.

Pale njia ya hospitali inapoikata barabara, Kahindi akapunguza mwendo, kisha akasimama. Watu wanne walikuwa wakivuka na kitanda cha kamba mabegani. Nikachungulia kutoka juu, kama mtu anavyochungulia jambo lisilomhusu, nikamwona Kadzo. Kadzo alikuwa jirani yangu wa chumba cha pili. Saa moja nyuma nilikuwa nimemwacha uani ameshika ufagio.

Mkono wake wa kulia ulikuwa umelazwa kifuani na kufungwa kwa leso, na leso ilikuwa imelowa. Hakuwa akilia. Alifumbua macho akaniona juu ya magunia.

"Nenda zako, Chirau," akasema. "Ua nimekufagilia nusu. Nusu imebaki."

Wale wabebaji wakaendelea. Mimi nikaanza kushuka.

"Washuka wapi?" Kahindi akauliza. "Simngoji mtu mimi. Hawa samaki wananuka na jua halijapanda."

"Nenda na sanduku. Nitakuja na gari la Jumatano."

"Basi sanduku lianze kazi, wewe utalikuta," akasema, akatia gari moto.

Sanduku likaenda Mackinnon Road bila mimi. Nikabaki barabarani na birika.

Lazima nieleze nyumba ile ilivyokuwa, maana kesi yote imo humo. Ilikuwa nyumba ya mawe na udongo, vyumba sita, vitatu upande huu na vitatu upande ule, ukumbi katikati. Nyuma kulikuwa na ua uliozungushiwa ukuta. Ndani ya ua kisima, vibanda viwili vya kuogea, jiko la makuti, na mlango wa nyuma wa kutokea njiani. Katikati ya ua ulisimama mnazi mmoja mrefu. Sisi wapangaji tulikuwa wanane pamoja na watoto. Chumba kilikuwa cha aliyekipanga, lakini ua ulikuwa wa sote, na kwa kuwa ulikuwa wa sote, kamba ya kisima ilipokatika iliungwa kwa leso kuukuu mpaka ikawa leso tupu.

Mwenye nyumba aliitwa Abdurahman, muuza nguo, mtu wa kanzu safi na salamu ndefu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo nataka lijulikane mapema. Alikuwa amepanga zamu za kufagia ua, akaziandika kwa chaki nyuma ya mlango wa ukumbi, na mtu akiruka zamu yake aliitwa dukani akasemezwa kwa upole mpaka akaona haya. Jumamosi ilikuwa zamu yangu. Siku ile ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa na haraka ya lori, Kadzo akanipokonya ufagio mkononi. "Msafiri hafagii," akasema. "Nenda, utalipa ukirudi." Akijua kwamba mimi sirudi.

Sasa mnazi. Nyumba ilikuwa ya Abdurahman, lakini mnazi haukuwa wake. Baba yao, alipozaliwa binti yake Mwanapili, alizika kitovu cha mtoto nyuma ya nyumba na juu yake akapanda mche. Mnazi ule ukawa wa Mwanapili tangu siku ile. Baba alipokufa, Abdurahman alirithi nyumba, na mnazi ukabaki wa dada yake, ambaye kwa wakati huo alikuwa ameolewa Mkwiro, kisiwani Wasini. Ardhi nayo haikuwa ya mmoja wao. Ilikuwa ya Mzee Chande, ambaye alikuwa akiletewa kitu kidogo kila mwaka na kuitikia kwa kichwa. Mtu wa bara akisikia haya hucheka. Kwetu pwani si ajabu: udongo una mwenyewe, nyumba ina mwenyewe, mti una mwenyewe, na watu huishi hivyo miaka arubaini bila neno.

Bi Mwanapili alikuwa akimtuma mkwezi mara sita kwa mwaka aje aangue nazi. Mkwezi huyo alikuwa Menza, mtu mwembamba, mpole, nyayo zake ngumu kama kwato. Na kazi ya mkwezi ina adabu yake. Mtu akiwa juu ya mnazi anaziona nyua zote za mtaa, na nyua ni za wanawake: huko wanaoga, huko wanasukana nywele. Kwa hiyo mkwezi hagusi mti kabla ya kusimama mlangoni na kuita, "Hodi, mkwezi," na kungoja. Wanawake wakiwako huingia ndani au hujistiri, kisha sauti humjibu: panda. Akiambiwa bado, huondoka hapo hapo. Haulizi kwa nini, wala hasukumi mlango ahakikishe. Mkwezi wa kuuliza mara mbili hakabidhiwi mnazi tena katika mji huo.

Jambo jingine ni chumba cha saba. Mwaka wa kabla, Abdurahman alijenga chumba kipya pembeni mwa ua, na chumba hicho kiliimeza njia ya zamani kutoka jikoni kwenda kisimani. Tangu hapo kila mwenye ndoo alipita chini ya mnazi. Na miezi mitatu ilikuwa imepita mkwezi hajaja, kwa sababu kaka na dada walikuwa hawasemezani. Walikuwa wamegombana kuhusu chumba hicho hicho, ambacho ukuta wake uliukaribia mnazi mno. Biasha, mpangaji mwenzetu aliyekuwa akikaanga mihogo ya kuuza, aliangukiwa na nazi ikampasulia chungu. Akenda kumwambia Abdurahman. Abdurahman akamjibu, "Mwambieni mwenye mnazi." Mwenye mnazi yuko Mkwiro, ng'ambo ya bahari, na Biasha ana mihogo motoni.

Asubuhi ile ya Jumamosi, nazi mbili zilianguka pamoja. Moja ilipiga chini. Nyingine ilimpiga Kadzo juu ya kiwiko, naye ameinama anafagia.

Hospitalini walimtia plasta kutoka begani mpaka kiganjani. Nilipoingia jioni alikuwa ameegemea ukuta anaitazama plasta kama mtu aliyeletewa mgeni asiyemjua.

"Wamesema miezi mitatu," akaniambia. "Na baadaye watazame kama vidole vitakunja."

Kadzo alikuwa Mduruma wa Kinango. Mumewe alipofariki, shemeji yake alitaka kumrithi, naye hakutaka kurithiwa. Mwaka wa ukame, ng'ombe wakifa, aliteremka mpaka Msambweni na kijibunda kimoja, akajifunza kusuka makuti ya kuezekea. Alikuwa na vidole vya haraka ajabu. Mafundi wa nyumba walitoka hata Diani kufuata makuti yake. Chumba kile kilikuwa chumba cha kwanza maishani mwake alichokipata kwa mikono yake na kukifunga kwa ufunguo wake. Vidole visipokunja, hana makuti. Hana makuti, hana chumba. Na asipokuwa na chumba, shemeji yuko Kinango bado anangoja.

"Nitarudije kule, Chirau?" akauliza. "Nirudi na mkono mmoja, niseme nini?"

Nilikuwa na kitu moyoni, lakini sikukisema.

Siku ya tatu Abdurahman alikuja nyumbani na sukari na majani ya chai. Kadzo alikuwa amekaa kwenye baraza ya ndani, Biasha anamlisha uji.

"Pole, mama," Abdurahman akasema. "Hayo ni majaaliwa. Sote tuko chini ya qadari ya Mungu."

"Ahsante, bwana. Mimi nilikuwa chini ya mnazi."

Biasha akaangalia pembeni. Abdurahman akatabasamu kidogo, akakaa.

"Mnazi si wangu, wajua."

"Najua. Na ua?"

"Ua ni wenu nyote. Ndio maana mnafagia."

"Basi mimi niliyevunjika nimdai Biasha?" Kadzo akauliza. "Au nijidai mwenyewe, siku ya zamu yangu?"

Abdurahman hakukasirika. Alisema kwamba mwezi huu hataulizia kodi, kwa ubinadamu, lakini mwezi wa pili chumba kina mtu anayekitaka, mwalimu. Kisha akaaga kwa dua.

"Sitaki ubinadamu wake," Kadzo alisema alipokwisha kutoka. "Ubinadamu akichoka anauondoa. Nataka mtu mmoja aseme, ni juu yangu. Nitakwenda kwa Mudir, serikali iamue."

"Mwanamke, Mduruma, na plasta," Biasha akasema. "Mudir atakukimbia kwa mlango wa nyuma."

Hakukimbia. Baada ya siku tisa tuliitwa sote. Mudir alikuwa mtu wa makamo mwenye mafua, leso yake mkononi, na kalamu yake ilikuwa inavuja, kwa hiyo aliandika polepole na vidole viwili vilikuwa vya buluu. Chumba kilikuwa kidogo. Bi Mwanapili alikuwa amekuja kutoka Mkwiro na buibui lake limekauka chumvi pindoni, akakaa mbali na kaka yake. Mzee Chande alikuja pia, kwa kuwa ameitwa.

Yeye ndiye aliyeanza, apate kurudi kulala.

"Bwana Mudir, changu mimi ni udongo. Udongo uko chini. Kilichompiga huyu mama kimetoka juu. Ingekuwa ametumbukia, ningekaa nikasikiliza."

Watu wakacheka, na Mudir akacheka ndani ya leso, akamruhusu aende.

Abdurahman akasema maneno yake: nyumba yake haikumwumiza mtu, ukuta haukuanguka, paa halikuanguka. Nazi ni ya mnazi, na mnazi una mwenyewe, naye huyo hapo. Yeye hawezi kuuangua mnazi wa mtu; akiangua ni mwizi. Hawezi kuukata, akikata ni mharibifu. "Nimefungwa mikono, sheikh. Mwenyewe miezi mitatu hakutuma mkwezi."

"Nilituma," akasema Bi Mwanapili.

"Hukutuma."

"Abdu, mimi ni dada yako, nimekubeba mgongoni. Nikisema nilituma, nilituma. Nilikaa kimya miezi mitatu kwa hasira, hilo ni langu na Mungu anisamehe. Lakini nilipopata habari za chungu cha Biasha nilimtuma Menza. Alikuja Ijumaa, siku moja kabla."

Menza akasimama. Akasema alikuja Ijumaa asubuhi, akasimama mlango wa nyuma, akaita hodi. Sauti ya mwanamume ikamjibu kutoka ndani: kuna wanawake wanaoga, njoo Jumapili. Akaenda zake.

"Ni nani aliyejibu?" Mudir akauliza.

"Sauti niliisikia, bwana. Mtu sikumwona."

"Hukuchungulia?"

Menza akamtazama kama aliyeulizwa kama huwa anaiba msikitini. "Ameniambia wanaoga, bwana."

"Ijumaa hiyo," akasema Abdurahman, "wanawake wote wa nyumba yangu walikuwa matangani tangu alfajiri. Biasha, si kweli?"

"Ni kweli," Biasha akasema, kwa shingo upande.

"Basi hakuna aliyeoga, na hakuna aliyejibu. Mkwezi huyu amefundishwa maneno."

Menza alitazama nyayo zake. Mtu ambaye hupanda minazi ya mji mzima kwa kuaminiwa neno lake, na mbele ya Mudir ameitwa mwongo.

Sauti ile ilikuwa yangu.

Ijumaa ile nilikuwa peke yangu nyumbani, nafunga sanduku. Niliposikia hodi ya mkwezi nilijua maana yake. Mwanamume akiwa peke yake nyumbani wakati wa kuangua, yeye ndiye anayekusanya nazi, anayeburura makuti, anayesimamia mpaka Asri. Sikutaka. Nilikuwa nimekwisha kuondoka moyoni, na mtu aliyekwisha kuondoka haoni kazi ya nyumba kuwa kazi yake. Nikatafuta neno moja litakalomwondosha Menza bila swali, na neno hilo kila mtu wa pwani analijua. Sikumwambia mtu yeyote kwamba mkwezi alikuja. Nilisahau kabla sijafunga kufuli.

Na pale pale nilifikiri hivi. Nikisema, Abdurahman atapata pa kuiegemeza kesi: atasema mwenye makosa ni mpangaji huyu, mdaini yeye. Na mimi nina nini? Sanduku langu liko Mackinnon Road, mkononi nina birika. Kadzo atashinda kesi juu ya mtu asiye na kitu, na chumba atakipata mwalimu. Nikinyamaza, lawama itamwangukia Bi Mwanapili peke yake, na Menza atarudi mtaani na jina la mwongo. Nikinyamaza, huenda Kadzo akapata kitu. Niligeuza jambo hilo huku na huku. Kadzo alikuwa amekaa mbele yangu, plasta yake imeanza kuchafuka, na nikaona kwenye plasta vijipande vya ukuti vimegandia. Alikuwa amejaribu kusuka kwa mkono wa kushoto.

Nikasimama. "Bwana Mudir, aliyejibu ni mimi."

Nikaeleza yote, na hata kwamba hakukuwa na mwanamke. Biasha akasema, "Astaghfirullah," kwa sauti ndogo. Kadzo hakugeuka.

Kama nilivyojua, Abdurahman akainuka hapo hapo. "Basi kesi imekwisha, sheikh. Dada yangu alituma, sawa, namwomba radhi. Huyu mzururaji alimfukuza mkwezi. Mimi ninaingia wapi?"

Mudir akapenga kamasi, akakunja leso taratibu.

"Chirau," akasema, "Bwana Abdurahman alikuweka mlangoni uitikie hodi?"

"Hapana, bwana."

"Alimweka mtu?"

"Hapana."

"Mkwezi akija, ajibiwe na nani katika nyumba ile?"

"Na yeyote aliyeko."

"Na asipokuwako mtu?"

"Anakwenda zake."

Akaandika. Kisha akamgeukia Abdurahman, akamwuliza kwa upole maswali mepesi, kama mtu anayeulizia habari za nyumbani. Ufunguo wa kufungia mlango wa nyuma usiku unakaa kwa nani? Kwake. Zamu za ua alizipanga nani? Yeye. Chumba kile kilichofunga njia ya kisima, wapangaji waliulizwa? Hawakuulizwa. Biasha alipopasukiwa chungu alimwendea nani? Yeye.

"Na wapangaji hawa," akasema Mudir, "wakitaka kuuhamisha mlango, wanaweza? Wakitaka kuirudisha njia ya zamani?"

"Hawawezi. Nyumba ni yangu."

"Basi wao katika ua ule wana ufagio tu," akasema Mudir. "Ufagio umewapa wewe. Mti si wako, nakubali, na hukuwa na haki ya kuugusa. Lakini watu uliowapitisha chini yake ni watu wako. Ulijua nazi zinaanguka. Ungeweza kutoboa mlango wa pili katika chumba kile, au kujenga chanja cha kudakia nazi chini ya mashada, au kumtumia dada yako salamu. Hata salamu."

Abdurahman akamtazama dada yake kwa mara ya kwanza siku ile.

Uamuzi ulikuwa hivi. Kadzo akae chumbani mwake bila kodi, na Abdurahman amlishe, mpaka daktari aseme mkono umepona. Na ukipona bila vidole kukunja, waje tena. Chumba cha saba kitobolewe mlango mwingine ili njia ya kisima ipite ndani yake, la sivyo kivunjwe. Bi Mwanapili, kwa miezi ile mitatu ya hasira, nazi na makuti ya mnazi wake ni ya Kadzo kwa mwaka mzima. Mnazi usikatwe.

"Na huyu?" Abdurahman akauliza, akinionyesha kwa kidevu. Aliuliza kwa haki.

Mudir akanitazama. "Huyu hana mali, na hana ua. Alisema uongo mlangoni, na hapa amesema kweli. Sina cha kumwandikia." Akaongeza, huku anafuta vidole, "Aulizwe mama mwenyewe."

Kadzo ndipo akageuka. Nilitegemea maneno makali, na nadhani ningeyapenda.

"Kumbe ulikuwa na zamu mbili," akasema. "Ya ufagio na ya mlango. Na zote mbili nimezifanya mimi."

"Ni kweli, dada."

"Gari la Jumatano limekwisha kupita?"

"Limepita."

"Vizuri. Makuti yamelowekwa tangu jana."

Nikakaa Msambweni miezi mitatu na siku kumi, nasuka makuti. Mwanamume kusuka makuti uani ni kichekesho, na wanawake wa mtaa walikuja na visingizio vya kazi ili tu wapate kutazama. Biasha alisema makuti yangu yatafaa kwa nyumba ya mtu anayependa kuhesabu nyota. Kadzo alikaa kwenye kibao karibu yangu, mkono wake wa plasta magotini, akinirudisha: fumua, fumua tena, umeruka ukuti wa tatu. Nilifumua zaidi ya nilivyosuka. Mafundi wa Diani waliyakataa makuti yangu ya mwezi wa kwanza. Ya mwezi wa pili wakayachukua kwa mabanda ya kuku.

Katika kukaa huko niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona katika miji yote niliyopita. Mimi siku zote nilikaa katika nyua za watu: landhi za Mombasa, zile nyumba za vibarua, kambi za mkonge, vyumba vya nyuma vya maduka. Nilioga kwenye vibanda vyao, nikateka visima vyao, na nikiona ubao umeoza nilikuwa nauruka. Sikuwahi kumwambia anayekuja nyuma yangu. Nilijihesabu mpita njia, na mpita njia hana lake. Lakini aliyeruka ubao uliooza amekwisha kuujua, na kujua kunamfunga kidogo, hata kama nyumba si yake. Mudir hakuniandikia hilo, labda kwa sababu sheria yake ilikuwa ya wenye nyumba. Mimi nimejiandikia.

Siku moja Menza alikuja akasimama mlango wa nyuma. "Hodi, mkwezi."

Wanawake wote walikuwako, wananitazama mimi. Nikaenda mpaka mlangoni, nikawaambia wajistiri, nikahesabu mpaka kila mmoja ameingia, ndipo nikafungua.

"Panda, bwana," nikasema.

"Una hakika?" akauliza Menza, na ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kumsikia akiuliza mara mbili.

Plasta ilipotolewa, vidole vitatu vilikunja vizuri, cha nne nusu, kidole kidogo hakikukunja kabisa. Kadzo alisuka upya kwa mtindo wake mwenyewe, kidole kimoja nje, na makuti yake yakawa na mshazari kidogo ambao mafundi waliutambua kutoka mbali. Alikaa katika chumba kile mpaka alipofariki, miaka ishirini na miwili baadaye, na kodi alilipa tangu mwezi wa nne. Shemeji wa Kinango alioa mke mwingine.

Abdurahman alitoboa mlango katika chumba cha saba, kisha akakifanya stoo, maana hakuna mpangaji aliyetaka chumba chenye ndoo za watu kupita katikati. Duka alimwachia mkwewe. Siku za Idi alikuwa akienda Mkwiro.

Bi Mwanapili alizikwa Mkwiro. Mnazi ulipigwa na radi mwaka wa sitini na moja, naye yu hai bado, ukakatwa kwa idhini yake.

Mzee Chande aliuza udongo.

Menza alianguka mara moja, kutoka mnazi wa mtu mwingine, akavunjika mguu, akaacha kupanda akafuga mbuzi. Biasha alihamia Diani na mihogo yake. Mudir alihamishwa, sikusikia wapi.

Mimi niliondoka kwa lori la Kahindi, Jumatano. Mackinnon Road kazi ilikuwa imechukuliwa na mtu mwingine. Sanduku nililikuta. Madereva walikuwa wakilikalia wakinywa chai.